Kamba Niliyoifunga Uwanjani

Jumapili, Julai 1953. Alasiri.

Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi, na vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya kikombe changu cha chai. Mlango nimeufunga kwa komeo. Hakuna anayenitafuta kwa sasa, lakini nimeufunga.

Ninaogopa. Nianze na hilo, maana leo sina nguvu za kujidanganya.

Sitaandika hapa jina la wilaya hii wala la mtemi wake, kwa kuwa daftari halina kufuli. Itoshe kusema tuko katikati: Shinyanga iko nyuma yetu kwa njia ya ng'ombe, Geita iko mbele yetu kwa njia ya malori ya mgodi. Mimi ni karani wa pili wa boma, kijana wa miaka ishirini na mitatu, niliyesoma Tabora na kurudi na mwandiko mzuri na moyo wa kunguru.

Kesho saa mbili asubuhi nitasimama mbele ya meza ya Bwana Shauri, mzungu anayeitawala wilaya hii, nikiwa na karatasi mkononi. Katika karatasi hiyo nitakuwa nimechagua neno moja kati ya mawili: fujo, au desturi. Nikiandika fujo, mtu aitwaye Masanja atakwenda gerezani miezi sita, na ngoma yake itapigwa marufuku katika wilaya nzima. Nikiandika desturi, nitakwenda mimi. Si gerezani, bali nyumbani, kwa mama, kwenye matuta ya mihogo, na mashati yangu mawili meupe.

Mama hajui chochote. Kijijini kwetu bado anatembea kama mke wa liwali kwa sababu mwanawe anakaa kwenye kiti chenye mgongo.

Mambo yote yalianza na kitabu. Miezi michache iliyopita Bwana Shauri aliniita akaniambia kwamba mgeni mkubwa wa serikali atakuja pamoja na mkewe kukagua nchi hii, na kwamba ni aibu wilaya kukosa kitabu chake. Alitaka kurasa kumi na mbili zenye historia ya wilaya, mali yake, na mambo ya kumpendeza mgeni. Niandike kwa Kiswahili, kisha Karani Mkuu afasiri, kipigwe taipu na kushonwa kwa uzi.

Nilifurahi. Ninalikumbuka jambo hilo kwa aibu.

Historia ilichukua kurasa mbili. Nilikwenda kwa mtemi, akanipa orodha ya watemi kumi na mmoja, wote mashujaa, wote wakarimu, hakuna hata mmoja aliyewahi kukimbia vita wala kuumwa tumbo. Nikamwuliza kuhusu njaa ile anayoisimulia bibi yangu, watu walipochemsha ngozi za kulalia wakanywa maji yake. Mtemi alinitazama kama mtu aliyeona inzi kwenye maziwa.

"Hiyo iache, karani. Mgeni hali njaa ya jana."

Nikaiacha. Kisha Bwana Shauri akaongeza kwa penseli aya yake mwenyewe: kwamba kabla ya boma kujengwa, mahali hapa palikuwa pori la mbung'o. Basi historia ya wilaya yetu, kama ilivyochapwa, inasema kwamba watemi kumi na mmoja mashujaa walitawala mbung'o, mmoja baada ya mwingine, hadi alipokuja mzungu. Watu watatu tumeisoma kabla haijachapwa na hakuna aliyecheka.

Mali ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu hapo nilishajifunza kazi. Dhahabu niliisifu kama mtu anayesifu mchumba. Niliandika kuhusu kinu cha kusaga mawe, taa za umeme, na nyumba za mabati zilizopangwa mstari. Sikuandika kuhusu watu wanaoshuka shimoni alfajiri wakiwa wa makabila ishirini na kupanda jioni wakiwa wa rangi moja. Niliandika kwamba wakulima wanaipenda pamba. Wiki hiyohiyo mzee mmoja aliletwa barazani kwa kuwa matuta yake hayakufungwa sawasawa kuzuia maji, kama sheria inavyotaka, na aliyeandika hati ya kumwita ni mimi, kwa kalamu hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo. Niliandika kwamba wenye ng'ombe wameupokea kwa furaha ushauri wa serikali wa kupunguza mifugo. Niliandika "furaha". Wenye ng'ombe wa nchi hii wangepunguza watoto kwanza.

Kalamu haikukataa. Kalamu ni kitu cha kudharauliwa sana.

Ikabaki sehemu ya tatu, mambo ya kumpendeza mgeni. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kila mtoto wa nchi hii anajua jinsi ngoma zinavyoshindana baada ya mavuno. Makundi mawili, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, hupiga ngoma kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kundi likiwa na ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi. Hakuna mwamuzi. Watu husimama katikati, na wakivutiwa na huyu humkimbilia, na huyu mwingine akizusha jambo jipya wanamwacha wa kwanza bila haya na kumkimbilia wa pili. Wanakimbia kweli, na watoto mgongoni, na vibuyu mkononi. Jua likitua, aliyezungukwa na watu ameshinda, na aliyebaki na wapiga ngoma wake anakwenda nyumbani kwa njia ya vichakani. Miguu ya watu ndiyo hukumu. Kwa ajili ya miguu hiyo maningi hutafuta dawa kwa waganga wa mbali, hucheza na chatu, hutembea juu ya miti mirefu kama korongo, hufanya lolote.

Nami ninajua. Hili naliandika hapa tu. Baba yangu alikuwa katekista, akitukataza ngoma kwa kiboko, lakini nilitoroka mara nyingi na nilikimbia na wengine hadi pumzi ikakata. Sitasema kwamba sikujua.

Lakini Bwana Shauri hapendi kuona watu wengi wakikimbia. Kwake yeye watu weusi wakikimbia ni jambo moja tu. Kwa hiyo, katika ukurasa wa tisa, niliandika hivi: "Makundi mawili hucheza kwa zamu, na watazamaji huketi kwa utulivu, nusu upande huu na nusu upande ule, wakipiga makofi."

Nusu kwa nusu! Hata sasa maneno hayo yananikaa kooni kama mwiba wa sato.

Karani Mkuu, Bwana Simeoni, mtu wa Bukoba mwenye miwani na dharau kwa kila kitu kilicho kusini mwa ziwa, aliusifu ukurasa huo. Bwana Shauri aliusifu zaidi. Alisema, "Vizuri sana. Basi uwanja tuuandae hivyohivyo." Mimi nilikuwa nimeandika uongo mdogo wa karatasi, na sasa uongo ulitaka mabenchi.

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani. Nilisema, "Ndiyo, Bwana."

Ijumaa tuliazima mabenchi ya shule ya misheni tukayapanga safu mbili zinazotazamana, na mbele ya kila safu nikafunga kamba ya katani kwenye vigingi, kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, ili mtu asivuke. Mzee Shija, tarishi wa boma, ndiye aliyepigilia vigingi. Alipofika cha nne alisimama akaniuliza:

"Karani, hii kamba ni ya ng'ombe gani?"

"Si ya ng'ombe, mzee. Ni ya watu."

"Sasa watu watahamaje?"

"Kesho hawahami. Kesho wanatazama."

"Na atakayeshinda tutamjuaje?"

"Kesho hakuna kushindana. Ni maonyesho."

Mzee aliinua nyundo yake. Kisha akainama akaendelea kupiga kigingi, huku mabega yakitikisika. Alikuwa anacheka. Nilimdharau kwa kicheko kile. Nilimwona mshamba asiyeelewa maana ya mpango. Nitalieleza jambo hili vizuri: kati yetu wawili, mmoja tu alikuwa mjinga pale uwanjani, naye hakuwa ameshika nyundo.

Jana Jumamosi watu walikuja tangu asubuhi, kutoka vijiji ambavyo havimo hata kwenye ramani yangu. Walikalishwa kwenye mabenchi kwa kusukumwa. Waliokosa nafasi walisimama nyuma. Mgeni na mkewe walikaa hemani kwenye kichwa cha uwanja, pamoja na Bwana Shauri na mtemi, mbele yao meza ya chai yenye kitambaa cheupe. Kila mmoja alikuwa na kitabu changu mapajani. Mtemi, asiyesoma, alikishika juu chini.

Alianza Luhende, ningi wa upande mmoja, mtu mrefu wa makamo. Alicheza na majembe, vijana wake wakiyarusha juu na kuyadaka kwa mpigo mmoja. Ni kazi nzuri. Mahali pengine watu wangekuwa wamemmiminikia. Walikaa. Wakapiga makofi. Luhende alikuwa akitazama huku na huku kama mtu anayezungumza na ukuta, na alipomaliza uso wake ulikuwa umekauka. Mke wa mgeni alisema kwa sauti kwamba ni watu watulivu ajabu. Bwana Shauri alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajiona mtu.

Kisha akaingia Masanja.

Masanja ni mfupi, mweusi tii, ana pengo mbele. Hakuja na chatu wala miti mirefu. Alivaa shati jeupe, suruali fupi iliyopigwa pasi, na miwani ya waya isiyo na vioo. Chini ya kwapa alibeba kitabu kikubwa cha magome ya mti, na nyuma ya sikio alichomeka bua la mtama lililochongwa kama kalamu. Alitembea kwa hatua fupi, akiangalia nyuma kila mara, akiinamia hewa na kusema, "Ndiyo, Bwana. Ndiyo, Bwana."

Haikuchukua muda watu kumtambua mtu yule. Nami nilimtambua: alikuwa mimi, ingawa mimi sivai miwani.

Akaenda kwenye kamba, akaigusa kwa bua lake, akaanza kuwahesabu watu kama wanavyohesabiwa ng'ombe mnadani, huku akiimba, na vijana wake wakiitikia:

"Karani kafunga watu,
ng'ombe wanazurura!
Karani kafunga miguu,
macho yamekwisha kimbia!"

Aliyeinuka kwanza alikuwa mwanamke mmoja mnene mwenye mtoto mgongoni. Aliinua kamba kwa mkono mmoja kama anayeinua nguo iliyoanikwa, akapita chini yake. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa akicheka. Kisha benchi lake lote. Kisha upande ule wote, wa Luhende, na baada yake wa pili, ukainuka kama kundi la ndege mtamani. Vigingi vya mzee Shija viling'oka kama karanga. Watu walimzunguka Masanja hadi nisimwone, nikasikia sauti yake tu, "Ndiyo, Bwana! Ndiyo, Bwana!" na kamba ya katani ikaburutwa na miguu yao hadi hemani, ikanasa mguu wa meza ya chai, na meza ikaenda chini na vikombe vyote.

Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyerusha hata jiwe. Mke wa mgeni alipanda juu ya kiti. Mtemi alipiga kelele kwa askari wake wamkamate Masanja, kwa sababu mtemi akiogopa hutafuta wa kukamata. Na wakamkamata, na miwani yake ya waya ikaanguka.

Mgeni alibaki ameketi. Alifungua kitabu changu, akatafuta ukurasa, akasoma, akainua macho akautazama uwanja, akakifunga. Akakiweka juu ya kiti kilichokuwa tupu pembeni yake, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kitu alichokiokota asichojua ni cha nani.

Bwana Shauri alinijia akiwa mwekundu hadi masikioni. Hakupaza sauti.

"Ama kitabu chako ni cha uongo, ama mtu huyu ni mhalifu. Jumatatu saa mbili uniletee taarifa iliyotiwa sahihi. Nataka kujua ni lipi."

Baada ya hapo nilikusanya mabenchi. Bwana Simeoni alinisaidia kwa maneno, kama kawaida yake.

"Kijana, andika fujo. Fujo ni neno fupi. Nitalifasiri bila shida."

"Lakini haikuwa fujo, Bwana Simeoni."

"Nani kakuuliza ilikuwa nini? Umeulizwa ni lipi." Akafuta miwani yake. "Yule ni mcheza ngoma. Wewe ni karani. Nchi hii ina wacheza ngoma wangapi, na ina makarani wangapi?"

Ninamdharau Bwana Simeoni. Lakini niliposikia maneno yake nilipata nafuu mwilini, kama mgonjwa aliyepewa kwinini, na hilo ndilo linalonitia kinyaa. Na isitoshe, yule mtu alinichezea mbele ya wilaya nzima. Alichukua mwendo wangu, shingo yangu, "ndiyo" yangu. Nilijiambia: miezi sita haimuui mtu.

Leo baada ya ibada nilikwenda kwenye mahabusu ya baraza. Sijui kwa nini nilikwenda. Nilijiambia ni kwa ajili ya taarifa, nipate maelezo yake. Nilibeba kibuyu cha maziwa ya mgando, jambo ambalo taarifa haikulihitaji.

Masanja alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bado amevaa shati jeupe.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu.

"Mwangaluka, karani. Umekuja kutuhesabu?" Akapokea kibuyu, akanywa nusu bila kupumzika. "Nilidhani utaleta benchi."

Nilimweleza mambo yalivyo, neno kwa neno. Fujo ni miezi sita. Alisikiliza huku akijipangusa mdomo. Nilitarajia aniombe. Nilikuwa hata nimeandaa namna ya kukataa.

"Miezi sita si kitu," akasema. "Nitatoka na nyimbo sita. Neno hilo fujo ndilo baya."

"Ndilo hilohilo linalokufunga."

"Hunielewi. Fujo haina mshindi." Akaweka kibuyu chini. "Ukiandika fujo, maana yake watu walikimbia ovyo, kama ng'ombe walioumwa na nyuki. Hawakunikimbilia mimi. Luhende atalichukua neno lako akatembee nalo hadi Shinyanga: hata serikali inasema Masanja hakushinda. Mimi nimecheza miaka kumi na minne, karani. Sijawahi kuona uwanja unahama wote. Wote! Wala sikutumia dawa. Nilikutumia wewe tu."

Nikamwambia kwamba ni aibu mtu mzima kuingia gerezani huku akiwaza ngoma.

"Na wewe unawaza nini?"

"Kazi yangu."

"Kazi yako ni ipi?"

Alicheka, pengo lake likaonekana, kisha akaacha kucheka na kunitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtoto wa katekista yule wa ng'ambo ya mto. Nilikuona ukiwa mdogo. Ulikuwa unakimbia mbele ya wote, kaptura inakuanguka, unaipandisha kwa mkono."

Niliondoka. Nilisahau kibuyu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Luhende mlangoni, amechuchumaa, ameshika jogoo mwekundu kwa miguu. Jogoo huyo alikuwa wangu, akasema, zawadi tu. Kisha, baada ya habari za afya na za mvua isiyokuwepo, akasema amesikia nina taarifa ya kuandika.

"Wewe msomi. Andika ilikuwa fujo. Watu waliogopa kamba, wakatawanyika. Mimi nilikuwa sijamaliza."

"Ulikuwa umemaliza, Bwana Luhende. Ulikuwa umekaa."

"Nilikuwa napumzika."

Nilimtazama kwa dharau isiyo na kificho. Huyu alikuwa tayari kumpeleka mwenzake gerezani kwa jogoo mmoja. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa tayari kumpeleka bure.

Nikatoa karatasi na kidau cha wino. Nikamwambia kwamba kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa karibu kuliko wote, nitaandika maneno yake: kwamba watu hawakumwendea Masanja, bali walitawanyika ovyo. Yeye atie dole gumba chini yake. Nilisema hivyo kwa hila. Nilitaka dole lake libebe mzigo wangu.

Luhende alilitazama dole lake. Alilitazama kwa muda mrefu, jogoo akimpigapiga mabawa mapajani.

"Itasomwa barazani?"

"Itasomwa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Akashusha pumzi. "Basi watasema Luhende haoni. Ningi asiyeona watu wanakwenda wapi, ni ningi gani?" Akatema mate pembeni, kwa adabu, mbali na mlango wangu. "Walimwendea. Wote walimwendea. Hata mke wangu alikwenda, na mtoto mgongoni, ndiye aliyeinua kamba ile. Nilimwona."

"Sasa niandike nini?"

"Unaniuliza mimi? Nani kasoma?" Akainuka, akapanga vizuri miguu ya jogoo mkononi. Alipofika njiani aligeuka. "Mwakani nitamfunga yule mfupi. Lakini asiwe gerezani. Nikimshinda mtu aliyetoka gerezani, nimeshinda nini?"

Akaenda na jogoo wake.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Ninamdharau mtemi, aliyefunga mtu ili asionekane akitetemeka. Ninamdharau Bwana Simeoni na maneno yake mafupi. Ninakidharau kitabu kile chenye uzi mweupe, na wale wageni walioona ngoma kubwa kuliko zote walizopata kuziona na wasijue wameona nini. Hata hawa wawili ninataka kuwadharau, Masanja na Luhende, watu wazima wanaogombea miguu ya watu wengine, na nimejaribu, na nimeshindwa. Mmoja yuko tayari kufungwa ila asinyimwe ushindi wake. Mwingine amekataa kuukana ushindi usio wake. Nami mwenye hati ya Tabora, ninaogopa sentensi.

Hakuna mtu katika wilaya hii asiyejua kilichotokea jana. Mwanamke yule mnene anajua. Mzee Shija alijua tangu Ijumaa. Watoto wanauimba wimbo ule sasa hivi nje, ninawasikia. Pamebaki mahali pamoja tu ambapo jambo lile bado halijatokea, napo ni kwenye karatasi yangu.

Nimeandika. Mara ya kwanza niliandika kwa mizunguko, "ilionekana kuwa," "inasadikiwa kwamba," nikachana. Mara ya pili nilijitetea, nikachana. Hii ndiyo ya tatu, na ninainakili hapa ili nisije nikaibadilisha njiani kesho:

"Kwa Bwana Shauri. Kilichotokea Jumamosi ni desturi. Katika ngoma za nchi hii watu hawaketi. Humkimbilia anayewapendeza, na hiyo ndiyo hukumu. Niliyoyaandika katika ukurasa wa tisa si kweli, nami nilijua kwamba si kweli. Kamba niliifunga mimi. Masanja hakuvunja amri yoyote. Alicheza, na watu wakaenda walikotaka. Meza iliangushwa na kamba. Naomba aachiwe."

Nikatia sahihi. Kisha nikaona nafasi imebaki chini ya jina langu, mstari mmoja hivi. Bwana Shauri hakuuliza jambo hili na halitamsaidia kwa lolote, na kwangu linaweza kuwa ufidhuli utakaoniondoa hata kama mengine yote yangesamehewa. Niliinua kalamu, nikaiweka, nikaiinua tena.

"Mshindi wa siku hiyo: Masanja."

Wino umekauka. Viganja vyangu bado.